Barafu Nzima

Tishari la Oene Wielinga limefungwa ng'ambo ya langu,
hatua kumi na nne juu ya daraja la mbao.
Kwa maneno ni mbali zaidi:
miaka tisa, na tumesemezana labda mara sita,
mbili kati ya hizo akimtukana bata.

Hapa Groningen kila mtu ana kengele mlangoni.
Yeye aliing'oa yake, tundu akaliziba kwa lami.
Barua za manispaa huzibana chini ya chungu cha vitunguu
zinalowa, zinarudi kuwa mti.

Nami sijui kubembeleza.
Basi nilijifunza kumsoma kwa mbali,
kama mkulima asomavyo wingu:
dohani ikitoa moshi kabla ya saa moja, amelala vyema;
moshi mweusi, amechoma tena mbao zenye rangi;
pazia likiwa nusu, anasikiliza redio,
habari za kina cha maji kwenye mito
ambayo hatapita tena.

Jumamosi namwekea supu ya njegere sitahani.
Sibishi hodi. Nagonga sufuria kwa kijiko mara moja,
naondoka bila kugeuka, kama mwizi
aliyekosea akaleta badala ya kuchukua.
Jumatatu sufuria iko kwenye ngazi yangu, imesuguliwa,
na ndani yake kitu: msumari wa shaba,
mkunga aliyekaushwa kwa moshi,
fundo la kamba nisilojua jina lake.
Binti yangu Jikke ana mafundo kumi na saba,
ameyatundika ukutani. Anasema ni barua.

Waliosema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani
hawakumjua Oene, lakini walimsema yeye:
mkewe alipokufa alikiacha chumba cha juu
akashusha kitanda huko chini,
penye giza na harufu ya dizeli,
maji yakipita karibu na sikio.

Januari mfereji uliganda. Si barafu ya kutelezea;
ile nyembamba, utando wa maziwa yaliyopoa.
Hapo nikagundua namna bora ya kumjulia hali.
Mtu akitembea ndani ya chombo, chombo hupumua,
na barafu iliyokizunguka hupasuka
mstari mmoja mweusi, mwembamba, kama wanja.
Kila asubuhi, kahawa mkononi,
nilikuwa nautazama wanja wa Oene.

Alhamisi haukuwepo.
Barafu ilikuwa nzima hadi kwenye ubavu wa tishari.
Moshi hakuna.
Shakwe mdogo amesimama juu yake pasipo haya.

Nilitoka na viatu visivyofanana.
Mlango wake haukuwa na komeo.
Miaka tisa nilidhani amejifungia.

Alikuwa sakafuni kando ya jiko, macho wazi,
nyonga imemsaliti tangu jana jioni,
zulia amelivuta hadi kidevuni.
Nikamwita jina. Akaniangalia kwa hasira
ya mtu aliyekatizwa hesabu.
"Kamba yako ya nyuma," akasema, "inaoza.
Nimekubadilishia mara mbili, usiku.
Ya tatu sitaweza."

Walimtoa kwa machela, watu wanne,
wakiomba radhi kila kidato,
na yeye, chali, akiwaelekeza pa kukanyaga.

Sasa yuko wodini, ghorofa ya tano,
ambako sakafu haichezi na usingizi hauji.
Maua ameyakataa.
Jikke amempelekea kipande cha kamba.

Kamba yangu sijaibadilisha bado. Sijui fundo lake.
Lakini alfajiri navuka daraja, nawasha jiko la Oene,
kisha natembea humo ndani, tezi hadi omo,
omo hadi tezi, kwa hatua nzito za makusudi,
mpaka nisikie kule nje
barafu ikipasuka.