Kifungo cha Tatu

Ghala la viazi nyuma ya soko, Njombe,
mwezi wa saba, saa kumi na mbili jioni.
Tuko sita, tumekalia magunia,
na kila anayesema, pumzi yake inaonekana
kabla ya neno.

Mwalimu Nyagawa hana daftari.
Alikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha chai;
vidole viwili havinyooki tangu fainali moja
ambayo hapendi kuulizwa.
Kamwene, anasema, huku anarusha kiazi,
hatangazi kinamwendea nani.
"Ukipanga kudaka, umekosa.
Kipa aliyekariri huruka
mpira ukiwa bado chini."

Mimi nilikuja na kilio changu mfukoni.
Pasaka, kanisani, nilimwigiza Petro,
na akina mama walitoa leso.
Nilijua pa kukivuta: msiba wa bibi,
jeneza likigonga fremu ya mlango,
kisha chozi la kushoto,
siku zote la kushoto linatangulia.
Nikamwonyesha mwalimu.
Akapenga kamasi, akauliza,
"Hilo umelipika lini?"
Jana, nikasema.
"Limepoa."

Viti viwili, basi. Magoti karibu yagusane.
Sema unachokiona, mwenzako akirudie.
Usipambe. Usitafute maana,
maana ina miguu yake.

Belita Mtewele, mchana muuza mbolea,
akanitazama kama anayesoma bei.
"Umevaa koti."
"Nimevaa koti."
"Umevaa koti."
"Nimevaa koti."
Tukatwanga hivyo, mchi juu, mchi chini,
hadi wa kwenye magunia wakaanza kucheka.
"Koti la kijivu."
"Koti la kijivu."
"Kifungo cha tatu ni chekundu."
"Kifungo cha tatu ni chekundu."
"Nilikishona mimi."

Ulimi ukaenda kutafuta mstari,
ukakuta kabati tupu.
Koti nililiokota Jumamosi kwenye rundo la mtumba,
elfu sita, nikaomba lishuke hadi tano.
Nani, kwenye baridi hii, anauliza
nani alikuwa ndani?

"Ulikishona wewe," nikasema,
na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya puani,
sauti ambayo sijawahi kumwazima mtu.
"Alisema atarudi kabla ya kuvuna."
"Alisema atarudi kabla ya kuvuna."
"Tumevuna."
"Mmevuna."

Mwalimu akarusha kiazi.
Kilinipiga begani, kikabingirika hadi mlangoni,
na yeye mwenyewe hakukifuata kwa macho.

Sikulia. Hilo ndilo ninalotaka mjue.
Kilio kilibaki mfukoni, na mfuko
ulikuwa wa mtu mwingine.
Mikono ndiyo iliyoanza: kifungo cha kwanza,
cha pili, ikafika kwenye chekundu
ikasimama, haikujua kama inaruhusiwa.
"Unatetemeka," akasema.
"Natetemeka."
"Livae."
"Livae?"
"Livae, mjinga wewe, utaugua!"
Akacheka, kicheko kibaya, chenye mkwaruzo,
huku kanishika ukosi kwa mikono miwili,
na sijui hadi leo
kama alikuwa ananifunika
au anamkaba yule.

Nje lori la mbao lilipita, taa zake
zikatambaa ukutani, juu ya nyuso zote sita.
Hakuna aliyepiga makofi.
Mwalimu akasema twende nyumbani.

Kesho yake tukakaa tena, viti vilevile.
"Umevaa koti," Belita akaanza.
Nikaiandaa ile sauti ya puani,
nikaileta polepole, imekamilika, na mtetemo wake.
"Limepoa," mwalimu akasema kutoka gizani.

Tukanyamaza. Harufu ya viazi, udongo, gunia.
Belita akapiga chafya.

"Umepiga chafya," nikasema.