Silabi Moja

Jumatatu madiwani walikaa saa tatu na nusu
kujadili jina la barabara isiyo na lami.
Wengine walimtaka marehemu wa chama,
wengine marehemu wa ukoo,
na mama mmoja wa Njoro aliyekuja kuulizia mtaro
akaambiwa asubiri "mengineyo".
Mengineyo hayakufika. Chai ilifika.

Mimi ni msahihishaji, sikai kikaoni.
Nakaa chumba cha nyuma, juu ya duka la pembejeo,
nanusa dawa ya mahindi kutwa,
na habari za Moshi hunifikia zimeshapoa
kama ndizi za jana: nazipasha, natoa nyuzi.

Jumatano Ndekirwa alirudi kutoka ghala la zamani la kahawa
ambako binti wa Kiboriloni ametundika picha kumi na moja.
Zote za mlima, na mlima haumo:
wingu, waya wa umeme, kamba ya nguo,
shingo za watu wanaotazama juu.
Mgeni rasmi alizunguka mara mbili, akauliza,
"Sasa Kibo iko wapi?"
"Nyuma ya wingu, mheshimiwa. Kama kawaida."
Aya hiyo niliipigania kwa mhariri. Ikabaki.
Ikakatwa bei ya vitunguu.

Alhamisi usiku umeme ukaondoka.
Tulimalizia kwa tochi ya simu,
asilimia tisa, nane, saba,
na hapo ndipo silabi ikanitoroka.

Kilichoandikwa: Diwani alilalama kikaoni.
Kilichochapwa: Diwani alilala kikaoni.

Ma, basi. Nyepesi kuliko punje ya ulezi.

Ijumaa, kabla jua halijapanda,
wauza parachichi wa Mbuyuni walikuwa wanasomeana kwa sauti,
na fundi viatu wa karibu na mnara wa saa
amekata kipande, amekibandika kwenye sanduku la kiwi.
Hakuna aliyeshangaa.
Nadhani hilo ndilo lililomuuma.

Alikuja mwenyewe, Mheshimiwa Kandidi Materu,
gazeti kalikunja kama fimbo.
"Nililalama! Dakika ishirini nzima, nililalama!"
Nikafungua daftari la mwandishi. Kweli, alilalama.
Ndekirwa, ambaye mama yake hakumfundisha kunyamaza,
akauliza, "Na baada ya hapo?"

Kulikuwa na inzi dirishani. Tulimsikiliza.

"Baada ya hapo," alisema diwani, "kulikuwa na joto."

Sikucheka. Mungu anajua nilivyotaka.
Kwetu Rombo aliyekosa hupeleka jani la isale
na aliyekosewa akaona vibaya kukataa.
Mjini tunapeleka masahihisho,
ukurasa wa saba, chini ya mbuzi aliyepotea Pasua,
jike, jeusi, sikio moja limechanika:
Tuliandika alilala. Someni alilalama.
Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Mistari mitatu. Sanduku lilikuwa la mistari saba.
Mhariri akasema weka chochote, weka ua.

Kwenye droo yangu kuna bahasha za Ndeonasia Mshiu,
karani mstaafu wa stesheni,
aliyekatisha tiketi hadi treni yenyewe ikakoma kuja.
Kila mwezi hutuletea shairi, kwa miguu,
na kila mwezi tunamwambia: nafasi, mama, nafasi.
Nikachomoa ubeti mmoja.

*Bomba linatoa hewa, ndoo zangoja foleni,*
*Bili haijachelewa, imefika mlangoni,*
*Nimelipa, nimenawa kwa jasho la mfukoni,*
*Nauliza, si kwa chuki: ninyi mnakunywa wapi?*

Nikahesabu kwa vidole, nane na nane,
mstari kwa mstari, taa ikiwa inawaka,
kisha nikarudia, maana siku hizi sijiamini.

Silabi zote zipo.
Maji, bado.