Kiingilio

Mia mbili tu. Nikampa kijana wa mlangoni,
nikainama kupita chini ya turubai,
nikakaa ubao wa nyuma, jirani na mama muuza ming'oko.

Sikuja Kitangari kutazama sinema.
Nilileta marobota mawili ya sare za shule,
nikakabidhi, nikasainiwa; basi la Masasi ni alfajiri.
Ila sauti ilinikamata njiani, penye mashine ya kusaga,
ikitoka kwenye spika iliyopasuka
kama mtu anayeita kuku wake waingie.
Miaka kumi na miwili. Niliijua kwa kikohozi.

Baba ndiye mtafsiri.
Ana maiki iliyovishwa soksi ya mtoto,
ana kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya,
na lugha ya wale wa kwenye kioo hajui hata salamu.
Kila mtu analijua hilo. Wanalipa hivyo hivyo.
Jambazi mwenye koti refu amempa jina la Kangomba,
na theluji ilipoanguka akatangaza:
"Misufi imepasuka, jamani, kipupwe hiki kibaya!"
Watoto wa mbele wakajikunyata.

Filamu yenyewe ni ya mzee na bintiye.
Hawasemezani. Wanakula meza moja, kila mtu na ukuta wake.
Mara mzee akaweka kijiko chini,
akatamka maneno mawili, labda matatu,
na baba akayafasiri hivi:

"Mwanangu, zile korosho niliziuza zikiwa maua.
Walinipimia kwa kangomba, mwezi wa saba, njaa imekaza.
Elfu themanini, ada yako na godoro lako,
nikaimaliza kwa kamari na gongo
kisha nikakwambia chama hakijalipa.
Ukaenda chamani ukauliza. Karani akacheka.
Nilikuona unarudi na barabara, viatu mkononi,
nikaingia chooni.
Chooni, Somoe. Nikakaa humo
mpaka nikasikia zipu ya begi."

"Mtafsiri!" mtoto mmoja akapaza,
"mbona mwenzio mdomo keshaufunga?"
"Anasemea tumboni. Tulia."
Ukumbi ukaangua kicheko.

Mimi nimeshika ming'oko ya moto ambayo sikuiagiza.
Sijui nani kaniwekea kiganjani;
mama wa jirani anatazama kioo, kakaza shingo.
Baadaye akaninong'oneza, bila kugeuka:
"Kila filamu yenye mzee na mtoto huiingiza hiyo.
Tumeizoea, tunamwachia.
Leo tu ndiyo kataja jina."

Basi aliniona. Au hakuniona,
jina limemponyoka tu, kama jino lililolegea siku nyingi.
Sikupata nafasi ya kupima,
kwa sababu binti wa kwenye kioo aligeuka,
akafumbua mdomo, akaanza kujibu,
na baba akanyamaza.

Spika ikavuma. Kwa mara ya kwanza usiku ule
tukaisikia lugha yao ilivyo, laini, ya kukatika katika,
binti anasema, anasema, analia kidogo, anasema tena.
"Mtafsiri! Kasemaje?"
"Huyu," baba akasema, "simsemei."
Akaizima maiki.

Watu walitoka wakigombana kuhusu mwisho:
kasamehe, hajasamehe, kaondoka na gari la nani.
Baba akaja akipapasa mbao kwa mkono,
macho yamefanya ukungu kuliko nilivyoyaacha.
Alinifungulia kiganja: sarafu moja, ya mia mbili.
"Mtoto wangu halipi kiingilio."

Nikaipokea. Nikaifunga pembeni mwa kanga, fundo mbili.
"Bado elfu sabini na tisa," nikamwambia,
"na mia nane."

Akakohoa, au alicheka;
kwa kifua kile huwezi kujua.

"Basi langu ni saa kumi na moja," nikasema.
"Lile," akasema, "huchelewa."