Mbegu Nne za Svaneti

Tsiala anaifungua bahasha kwa kibano.
Karatasi inalia kama ganda la kitunguu.
Nje, Tbilisi imelowa hadi mifupani.

Maua waliyala wadudu zamani.
Majani yamebaki mishipa, na vumbi la kahawia,
na lebo: mwandiko wa Bidzina,
aliyepanda mlima na homa yake
akaandika jina moja
kwa uhakika wa mtu asiyetaka kuulizwa.

Mbegu nne chini ya bahasha.
Ukipiga chafya umezipoteza.

Anaichukua moja, anaivika dhahabu,
utando mwembamba kuliko pumzi,
bila dhahabu hadubini haioni kitu.
Pampu inafyonza hewa, kiwambo kinawaka kijivu,
na kile ulichodhani ni chembe ya baruti
kinakuwa mji.

Seli, ukuta kwa ukuta,
kingo zimepindapinda, zimeumana
kama misumeno miwili iliyolala kitanda kimoja.
Juu ya kila seli kinundu,
butu, kifupi,
kofia ya sufu ya mchungaji wa kule kule,
safu baada ya safu, kulizunguka kovu
pale mbegu ilipokatwa kitovu.

Ile ya Bidzina ingekuwa na seli ndefu, laini, bila kofia.
Tsiala anahesabu meno ya ukingo.
Kumi na mawili. Hii kumi na moja. Hii kumi na matatu.
Mmea hauna rula.

"Si ndugu," anamwambia Zaur, anayetafuta sukari.
"Binamu, basi?"
"Ukoo wa ng'ambo ya bonde."

Petali hubembeleza nyuki.
Jani hurefuka kivulini, hufupika mbuzi akipita.
Ganda halina wa kumpendeza;
lilifumwa gizani, ndani ya tunda,
na uzi wote ni wa mama.
Aliyelala ndani ana damu mbili,
lakini vazi
ni la mama peke yake.

Zaur ameipata sukari. Imeshikana, anaigonga kwa kijiko.

Jina la Bidzina halifutwi.
Ndiyo desturi ya ghala hili la mimea mikavu:
kosa hubaki na tarehe yake,
jipya hubandikwa chini.
Tsiala anaandika, kwa penseli,
na mwishoni anaweka alama ya kuuliza, ndogo,
kama mbegu yenye mkia.

Tatu anazirudisha kwenye bahasha.
Ya nne imeganda kwenye dhahabu yake.
Haitaota.
Imeshasema.