Kinadharia

Karani wa chama, pale Usoke,
alilifunga daftari akasema:
"Kinadharia, mzee Kapela, umeshalipwa."

Nikalibeba neno hilo kwa baiskeli
kilomita kumi na moja, mchanga hadi kwenye rimu.
Nyamizi akauliza, "Limekaaje?"
Refu, nikasema. Linaanza na ki,
kama kitoto, kama kiungwana;
ni namna ya kufanya jambo.

"Namna gani?"

Hapo nikakwama.
Mitumba saba ya tumbaku, kuni za bani,
usiku kucha nachochea, kifua kinawasha:
sikumbuki kukohoa kinadharia.

Mihayo wetu, kidato cha pili, akadakia:
umeme wameusoma hivyo hivyo.
Balbu haikuwepo,
ila ubaoni iliwaka.

Nyamizi alicheka mpaka mwiko ukamdondoka.
Akapakua ugali, wao wakala.
Mimi akanitengea sahani tupu, imepanguswa ikang'aa:
"Karibu. Kinadharia umeshiba."

Nikanawa mikono hata hivyo.

Alfajiri niliifunga ile sahani
kwenye keria, kwa mpira,
nikarudi Usoke.