Usita Unafukuliwa

Fomu ina visanduku tisa.
Cha kwanza: jina la barabara.
Nimeandika Usita wa Mui. Ofisi ikasema andika la serikali.
Nikaandika la serikali, na Mwana Somoe wa duka la nyuzi
akachungulia begani mwangu: hiyo ni barabara ya wapi?

Cha pili: upana.
Mimi nilishika mwanzo wa futikamba, Komora akashika mwisho,
punda mwenye mifuko miwili ya saruji akapita katikati yetu
akaenda nayo hadi mlango wa madrasa.
Mita mbili na nusu, nikaandika,
ukiacha punda.

Cha tatu: mwaka wa kuanzishwa.
Hapo kalamu ilikauka.

Uliza Mkomani, utaambiwa mui ulianza Mkomani,
kwingine kote ni nyongeza, kama kiraka cha makuti.
Uliza Langoni, watakucheka kwanza, kisha watakukaribisha kahawa,
na hadi kikombe cha tatu hujapewa mwaka.
Wako wanaohesabu tangu Hidabu, wako wanaohesabu tangu Weyuni:
wanasema walipigana hadi wakakosa wa kuwazika,
ndipo wakaoleana, hawakuwa na dawa nyingine.

Babu mzaa mama hakuhesabu. Alikuwa mchoma chokaa,
mikono yake ilikuwa mieupe hata Ijumaa.
Mui, alisema, ulianza siku mtu wa kwanza
alipogonga kwa jirani akamwambia:
mai yako yaingia kwangu.

Jumatatu tukafukua.
Juu kabisa, saruji ya mwaka ule wa kura,
nyembamba kama mkate wa maji.
Chini yake saruji nyingine, ina nyayo za mtoto
aliyekimbia kabla haijakauka,
na jina, SHE, mwandishi alikamatwa kabla ya E ya pili.
Kisha udongo mweusi, kigae cha sahani ya buluu,
bomba lililoliwa na kutu, ushanga mmoja
ambao Komora aliufuta kwa mate akanipa.

Kisha mtaro.
Mawe ya matumbawe yaliyochongwa yakakubaliana,
chokaa ndani laini kama ndani ya kikombe.
Komora akamwagia chupa yake ya maji ya kunywa.
Yalisita kidogo, kama mgeni ukumbini,
kisha yakashika ndia yao kuelekea pwani,
na sisi sote, na wapita njia, na mwenye punda,
tukainama kuyasindikiza.

Mhandisi Nyaboke alifika na mchoro chini ya kwapa.
Mchoro wake ulipeleka maji kaskazini.
Akavua viatu, akaingia shimoni, akapitisha kidole.
Nani alipima hapa?
Hakuna aliyejibu, na fomu haina kisanduku cha huyo.
Alikaa humo hadi adhuhuri,
akatoka na magoti meupe,
akachora mstari wa penseli juu ya mchoro uliopigwa mihuri mitatu.
Wataniuliza, alisema. Basi waniulize.

Wiki sita za vumbi. Wiki sita za mbao za kuvukia,
za bibi harusi aliyebebwa kutoka wikioni hadi kwao
na wajomba wawili waliokuwa wakigombana njia nzima.
Matofali ya kijivu yakapangwa, tofali kwa tofali,
juu ya mtaro uliosafishwa, mtaro uliokunywa tena.

Leo asubuhi Mwana Somoe amefagia mbele ya duka,
akamwaga ndoo ya kwanza ili aone.
Lakini hapo mlangoni pake, tofali tatu zimeinama upande,
si sana, upana wa ukucha.
Maji yakafika, yakafikiri,
yakageuka kushoto.

Famau, muuza miswaki, akaruka kutoka kwenye kigoda,
kanzu mkononi:
Somoe! Mai yako yaingia kwangu!

Nikatoa fomu mfukoni.
Kisanduku cha tatu.
Nikaandika tarehe ya leo.