Benchi la Mgeni

Sisi wa Mombo mistari tunachora kwa majivu,
mvua ikinyesha tunabishana kona ilikuwa wapi.
Hapa Pongwe wanamwaga chokaa kama hawailipii,
na kweli hawailipii: tanuri liko ng'ambo ya barabara.
Nimevuka uwanja, soli zimegeuka nyeupe.
Viatu vyangu vimehamia kwao kabla ya filimbi.

Coaster yenye wenzangu, ngoma na bendera
imekatika mkanda wa feni, imelala Segera.
Mimi nilitangulia jana, nina msiba Maweni,
kwa hiyo mashabiki wote wa Reli, leo, ni mimi.

Mlangoni (mlango wenyewe kamba, miti miwili)
Bi Mwanakheri akaniuliza: "Wa kwetu au wa kwao?"
Ningeweza kudanganya. Shati halikuwa na rangi ya mtu,
skafu ya kijani nimeifutika mfukoni, imevimba kama andazi.
"Wa kwao," nikasema,
kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.
Hakucheka. Akafungua kopo la maziwa ya unga,
akachambua vipande vya boksi vyenye muhuri,
akanipa kimoja: MGENI, namba moja.
"Elfu moja. Na usikipoteze, ukitoka unakirudisha."
Kisha akapaza: "Mhina! Benchi!"

Wakaliweka nyuma ya goli, juani,
benchi la shule, limechorwa kwa bikari SEKIETE 6B.
Watu mia mbili kule, kivulini mwa ghala,
na huku mimi, na nafasi ya watu watano.
Nikakaa katikati. Nikaona aibu, nikasogea pembeni,
nikawaachia waliokwama.

Mgongoni kwangu ua wa mkonge.
Ncha ya mkonge haijui nyumbani wala ugenini,
mpira unaougusa unakata roho palepale.
Ndiyo maana kila Alhamisi anapita mzee Singano
(jina lake hilohilo, wala sitanii)
na panga, anapunguza ncha, jani baada ya jani.
Goli la kule amelimaliza.
Huku kwangu bado hajafika.

Walitufunga mapema, kichwa, sina la kusema.
Halafu dakika ya themanini na ngapi sijui
mpwa wangu Kijazi, namba saba, mguu ule wa kushoto
ambao mama yake aliufunga kitambaa ili aandike kwa mkono wa kulia
(mambo ya ajabu, yamepita),
akaachia.
Wavu ukacheza. Nyuma yangu, kwenye mkonge,
pssssss.

Nilikuwa nimesimama. Skafu ilikuwa mkononi,
sijui ilitokaje mfukoni.
Reli wanakumbatiana. Chokaa wanapiga kelele: wavu umetoboka!
Imepita pembeni! Refa anamtazama mshika kibendera,
mshika kibendera anatazama kibendera.
Ndipo nahodha wao, jitu refu lenye bandeji gotini,
akaninyooshea kidole: "Muulizeni yule mgeni.
Yeye ndiye aliyekuwa karibu."

Uwanja wote ukanyamaza kwa ajili yangu.
Mia mbili upande ule. Kumi na mmoja wa kwetu,
na Kijazi, mikono kiunoni, anahema, anatabasamu
kama mtu aliyekwisha kulipwa.

Niliuona vizuri. Ulipita upana wa kiganja
nje ya mlingoti, ukaingilia kwenye tundu.

"Nje," nikasema.
Halikuwa neno kubwa. Lilifika mpaka ghalani.

Hakuna aliyenipigia makofi, nashukuru.
Mpira wa pili ulikuwa laini, mechi ikaishia hivyohivyo.
Kijazi alipita mbele yangu akivua soksi,
akasema, "Shikamoo mjomba," basi.
Mhina akaja kuchukua benchi, mwenzake katoroka,
nikashika upande mmoja tukalirudisha darasani.
Nilitoa kile kipande cha boksi. Bi Mwanakheri akakipangusa jasho,
akakirudisha kwenye kopo, chini kabisa.

Simu ikaita. Segera.
"Vipi huko, wametufunga ngapi?"
"Moja."
"Na sisi?"
Nikazitazama soli zangu.
"Sisi," nikasema, "ngojeni nifike."